Kodiani ya Msibani

Tumemzika Mzee Bura juma lililopita, nyuma ya nyumba yake pale Endasak, na mimi sikupiga kodiani. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na watoto wake, khanga kichwani, mikono mapajani, nikimsikiliza nesi wa zahanati akipiga nyimbo tatu nilizofundishwa mimi kabla yake, na mzee yuleyule, kwenye kiti kilekile. Alikosea mahali pawili. Nilijua atakosea kabla hajakosea, kwa sababu ndipo nilipokuwa nikikosea mimi, na vidole vyangu vilibonyeza paja kana kwamba ndivyo vilivyokuwa vinapiga. Safari, mtoto mkubwa wa mzee, alikuwa ameniambia tangu stendi, hata hatujamaliza kupeana pole: “Dada Edna, wewe utakaa na sisi.” Sikumuuliza kwa nini. Kwa mtu kama mimi, ambaye akikaribishwa chai huanza kujiuliza chai hiyo ina maana gani, kutouliza ni jambo kubwa. Lakini tangu nirudi kituoni kwangu mawazo hayajatulia, na yote yanakwenda kwenye mwaka mmoja, mwaka niliojifunza chombo ambacho hakuna aliyetamani kukisikia.

Nilifika Endasak nikiwa na shahada ya ualimu na hofu ya kila kitu. Ajira zilikuwa hazijatoka. Nikaomba kujitolea kwenye shule ya sekondari, nikafundisha historia na Kiswahili, na mkuu wa shule akanitafutia chumba kwa Mzee Bura, mwinjilisti mstaafu aliyekuwa akiishi na mkewe tu, watoto wakiwa wametawanyika mijini. Chumba changu kilikuwa cha pembeni, kimepakana na sebule yao, na dirisha lake lilitazama Mlima Hanang. Mtu mwingine angelisifia dirisha hilo. Mimi nilikuwa nikiamka naangalia kwanza wingu limeshuka mpaka wapi. Likifika kwenye mashamba nilikuwa na hakika kwamba siku hiyo kutatokea jambo, na kwa kuwa kijiji hakikosi jambo, sikuwahi kukosea. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na sanduku jeusi lenye kona za chuma. Wageni waliokuja kumsalimia mzee walilitazama hilo kabla ya kumtazama yeye, kisha wakachagua viti vya upande wa pili. Kwa wiki za mwanzo niliamini lina bunduki.

Tulikula pamoja jioni, ugali na maharage, na maziwa mgando kwenye vikombe vya bati. Mkewe, Mama Safari, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kutembea polepole. Alikuwa akitoka na ndoo na kurudi na ndoo wakati mimi bado natafuta kandambili. Jioni moja mzee alisukuma sahani pembeni akaniambia, “Mwalimu, hebu nyoosha mikono.” Nikanyoosha. Akaipima kwa macho, hivi na hivi, kama mtu anayetazama miguu ya ndama mnadani.

“Unajua kupiga kinanda?”

“Hapana, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Lakini hiyo ni ya pili tangu tukae.” Mama Safari alicheka. “Vizuri kama hujui. Anayejua anabishana. Una ndugu huku? Hanang, Mbulu, popote? Umechumbiwa na mtu wa huku?”

“Hapana, mzee. Sina mtu.”

Akamtazama mkewe. Wakasemezana kwa Kiiraqw, lugha ambayo nilikuwa sijui hata kuombea maji, na nikasikia neno “mwalimu” likipita katikati mara kadhaa. Mama Safari aliniongezea maharage bila kuniuliza. “Mpe ajaribu,” alisema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. “Mtu akizoea, anakuwa wa hapa. Mpe mapema.”

Sanduku lilifunguliwa kesho yake, nilipotoka shuleni. Ndani mlikuwa na kodiani nyekundu iliyopauka, vibonyezo vyake vyeupe vimekuwa rangi ya meno ya mzee, na mivukuto imebandikwa vipande vya ngozi pale ilipopasuka. Mzee alinivika mikanda yake miwili mabegani kama anayemfundisha mtu kubeba mtoto. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na nilipofungua kifungo cha juu na cha chini vinavyoshika mivukuto, ikajifungua yenyewe kidogo na kutoa mlio mrefu, wa chini, bila mimi kugusa chochote. Nikaruka. “Hajasema kitu,” mzee alinituliza. “Anapumua tu.” Alikuwa akiiita kodiani kama mtu, na mimi nikaanza kuiogopa kama mtu.

Mkono wa kulia niliuelewa mapema, kwa sababu unauona. Mkono wa kushoto ndio ulionitesa. Uko ndani ya mkanda, unasukuma na kuvuta mivukuto, na papo hapo vidole vinatafuta besi kwenye vitufe vidogo vilivyojipanga safu kwa safu mahali ambapo macho hayafiki. Kitufe kimoja tu kina kishimo kidogo, na hicho ndicho nyumbani. Kila kingine unakihesabu kutoka hapo. Nilikuwa nikikipoteza kila mara. Halafu kulikuwa na suala la pumzi. Mwanafunzi mpya anavuta mivukuto mpaka mwisho katikati ya neno, anajikuta hana hewa, sauti inakatika, naye anabaki amefungua mikono kama mtu anayekaribisha wageni. “Geuza pale waimbaji wanapovuta pumzi,” mzee alirudia. “Usigeuze wanaposema. Ukigeuza wanaposema, umewanyonga.” Neno hilo nililala nalo. Kule jikoni Mama Safari alikuwa akisikiliza huku akisonga ugali, na kila nilipoharakisha alipaza sauti: “Hapo umekimbia tena! Unamkimbiza nani?”

Nyimbo zilikuwa tatu. Mwanzoni nilidhani ni tatu za kuanzia. Baada ya muda nikauliza kama hakuna wa harusi. “Harusi wana spika,” mzee alijibu. Kwaya yao ilikuwa imenunua kinanda cha umeme siku nyingi, na vijana wote walikuwa wamehamia huko. Kodiani ilibaki kwa kazi moja tu. Makaburi ya huko yako mashambani, mengine juu kwenye mteremko ambako pikipiki hupanda ikiwa tupu, na hakuna waya wa umeme unaofika. Kwa hiyo anayesindikizwa husindikizwa na chombo kinachobebwa mgongoni na kupigwa kifuani. Na kilikuwa na sheria zake, ambazo mzee alinieleza huku akiifuta mivukuto kwa kitambaa kikavu. Jeneza likianza kushuka, kodiani inaanza. Haisimami mpaka udongo uishe na msalaba usimame. Nyimbo tatu zikiisha kabla ya udongo, unarudi wa kwanza. Na mfiwa haigusi. “Mfiwa kazi yake ni kulia,” alisema. “Hawezi kulia na kupumulia wengine.”

Ndipo nikaelewa maswali ya jioni ile. Katika kwaya ya Endasak kila mtu ni shemeji, shangazi, binamu au mkwe wa mwenzake. Akifa mtu mmoja, kwaya nzima ni wafiwa. Mzee mwenyewe alikuwa amepiga miaka yote kwa sababu ukoo wake ulihamia kutoka upande wa Mbulu na haukuoana sana na wa hapo. Sasa alitaka mtu asiye wa mtu yeyote. Alimpata, kwenye chumba chake cha pembeni, anafundisha historia.

Kwa nini sheria hizo zilikuwa kali nilijua kwa kusikia, nikiwa chumbani, siku ambayo wanawake wa jirani walikuja kupukuchua mahindi uani na Mama Safari. Mmoja wao alisimulia mazishi ya zamani kule Balangdalalu. Mivukuto ilipasuka katikati, udongo ukiwa nusu, na muziki ukakatika. “Watu wakasimama na majembe hewani,” alisema. “Mkubwa wao akasema, fukieni tu. Wakafukia kimya. Msimu ule haujaisha, nyumba ileile wakachimba tena.”

“Ilikuwa homa,” Mama Safari alisema.

“Homa, ndiyo. Lakini ilijuaje njia ya nyumba ile?”

Walicheka, kisha wakaacha kucheka, na nikabaki nikisikia punje zikidondoka kwenye beseni. Sauti ya mwingine ikashuka: “Sasa mzee anamfundisha huyu binti kwa haraka hivi. Na kile kikohozi.” Mama Safari akauliza kama kuna anayetaka uji.

Kikohozi hicho sote tulikijua. Kilianza msimu wa baridi, kikavu, na mara zote kilimshika mzee mbele za watu: kanisani, dukani, mlangoni wageni wanapoaga. Kijiji kiliunganisha kikohozi na kodiani, kikapata jibu. Watu wakaanza kuja. Mmoja alileta kuku. Mwingine alikuja kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba ambao ulikuwa umenizidi umri. Walimsalimia mzee kwa sauti ya upole ambayo watu hawaitumii kwa mtu anayetarajiwa kuwapo mwakani. Nami nilipobeba sanduku kwenda kujizoeza kanisani, mmoja wa bodaboda waliokaa njia panda aliuliza kwa heshima zote, “Mwalimu, leo kwa nani?” Wenzake wakafa kwa kicheko. Lakini hakuna aliyekubali kunipakia. “Mimi nina mke, mwalimu,” alisema yule mcheshi, akiwasha pikipiki. “Na sanduku lako linapenda watu.”

Ningekuwa mtu wa kawaida ningeogopa kidogo na kuendelea. Mimi niliwaza. Niliwaza darasani, nikiwaandikia wanafunzi sababu za vita ubaoni, niliwaza nikioga. Mzee hawezi kuondoka kabla hajapata wa kumpigia. Amenipata. Nyimbo mbili nimeziweza. Kwa hiyo kilichobaki kati yake na kaburi ni wimbo wa tatu. Hesabu hiyo ilinijia kamili, na ikishaniingia kichwani hesabu ya namna hiyo haitoki kwa akili. Basi wimbo wa tatu ukaanza kunishinda. Nilikuwa nikifika kwenye ubeti wa pili, kidole kinateleza, ninaomba radhi. Mzee hakukasirika. “Kesho,” alisema, na akakohoa. Kila “kesho” nilihisi nimempa siku nyingine, nikaenda chumbani na aina ya furaha ambayo sasa nikiikumbuka inanitia baridi.

Mambo mengine niliyaona bila kuyapa nafasi. Mama Safari alianza kujipakulia mwisho, kisha akarudisha nusu chunguni akisema ameonja sana jikoni. Alikwenda mnadani Katesh mara tatu mfululizo na kurudi mikono mitupu. Na kule hakuna mtu anayerudi kutoka mnadani bila hata kipande cha sabuni. Ndoo ya maji ilianza kupumzishwa katikati ya njia. Nilikuwa nayaona yote. Lakini mtu mwenye wasiwasi hana macho pande zote kama anavyodhani. Anatazama sehemu moja kwa nguvu sana, na kijiji kizima tulikuwa tunatazama kifua cha mzee.

Aliniita jikoni siku mzee alipokwenda kanisani kwenye kikao. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Moshi ulikuwa mwingi na nikadhani ndio uliomtoa machozi.

“Wimbo wa tatu unakushinda nini?”

“Vidole, mama.”

“Vidole.” Alitupa jiwe nje kupitia mlangoni. “Jumamosi nilikuwa nimelala chumbani, wewe ukadhani nimekwenda shambani. Uliupiga wote. Mara mbili. Hata ule mgeuzo wa mwisho hukumnyonga mtu.”

Nikaanza kuchambua maharage na mimi, kwa upande wa pili wa ungo.

“Unadhani mzee ndiye anayeondoka,” alisema.

“Mama, watu wote—”

“Watu wote wanasema. Huyu? Huyu atakohoa mpaka atuzike wote, na kuku wao waliomletea atawala.” Alicheka, kicheko kikakatika, akaweka kiganja ubavuni na kungoja. “Ni mimi, mwalimu. Tumbo. Kule ninakosema ni mnadani, sio mnadani. Daktari wa hospitali kubwa amesema tusijisumbue kurudi tena.”

Nje kuku alikuwa akipekua maganda. Nakumbuka niliendelea kuchambua, nikatupa maharage mazima na kuacha mawe.

“Sikutaka watu waje kunitazama,” aliendelea. “Umeona wanavyomtazama? Wanaanza kukuaga ukiwa bado unapika. Nikamwambia mzee, mimi siwezi hiyo. Akasema, basi wataniangalia mimi. Akaanza kukohoa.” Alifuta macho kwa ncha ya khanga. “Kidogo ni cha kweli. Kingine anaongeza. Pale kanisani alizidisha mpaka nikaona aibu.”

“Kwa hiyo nyimbo…”

“Ni zangu. Nimezichagua mimi. Yeye siku hiyo atakuwa mfiwa, hatashika kitu. Kwaya yote ni ndugu zangu. Nani apige? Nilisema tukukamate ukiwa bado mgeni.” Akaniangalia kwa ukali ambao sijawahi kuangaliwa nao na mtu anayenipenda. “Sasa wewe unachelewesha. Unafikiri unamshikilia mtu. Unanishikilia mimi, na mimi naumwa. Na siku ikifika hujawa tayari, nitashushwa kimya kama yule wa Balangdalalu, halafu watu waanze kumhesabia mzee siku. Sitaki watoto wangu wakae na hofu hiyo.”

“Ulisema ilikuwa homa.”

“Ilikuwa homa. Lakini watu ndio watakaoishi na mzee, sio homa.” Akapeta ungo. “Na usinikimbize. Nimekimbia maisha yangu yote, maji, kuni, watoto, mnada. Pale nataka taratibu.”

Jioni hiyo niliupiga wimbo wa tatu mbele ya mzee, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipofunga mivukuto hakusema nimeweza. Alisema, “Amekwambia,” na hakukohoa tena sebuleni humo mpaka nilipohama. Siku zilizofuata tulijizoeza mwendo tu. Mama Safari alikuwa sasa amelala kwenye kochi, hakujificha tena kwangu, na ndiye aliyekuwa akitoa amri: punguza, bado, punguza. Kupiga taratibu kwenye kodiani ni kugumu kuliko kupiga haraka, kwa maana hewa inaisha kabla ya neno. Ilinibidi nijifunze kuvuta kidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Asubuhi nilikuwa bado natazama wingu mlimani. Ila sasa nilikuwa najua linamshukia nani, na kujua hakukupunguza kitu, kuliongeza.

Alifariki mvua zilipoanza, mchana, mzee akiwa amemshika miguu. Kijiji kilikuja kikiwa kimeduwaa, na nadhani kikiwa na aibu, kwa sababu wengi walikuwa wamejiandaa kumlilia mwingine. Yule wa kuku hakuweza kumtazama mzee usoni. Kaburi lilichimbwa juu ya shamba la mahindi. Nilipanda mteremko na sanduku mgongoni, tope likinivua viatu, na njia nzima nilikuwa naorodhesha kichwani vitu vinavyoweza kupasuka. Jeneza lilipoanza kushuka nikaanza. Kidole kikakipata kishimo. Kwaya ikaingia, ikajaribu kwenda haraka kama ilivyozoea, nami nikakataa. Nikavuta kidogo, kidogo, mpaka wakanifuata.

Udongo ulikuwa umelowa na haukutaka kuachana na majembe. Nyimbo tatu ziliisha na shimo likiwa bado. Nikarudi wa kwanza. Vijana wa majembe walipokezana, na mimi sikuwa na wa kupokezana naye. Bega la kushoto likafa ganzi, kisha likaanza kuungua, na nikiwa kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa tatu, mara ya pili, nilihisi mivukuto inatoa hewa mahali ambapo haikupaswa kutoa. Kiraka kimoja cha ngozi kilikuwa kimelegea kwa unyevu. Sauti ikapungua. Mwanamke aliyesimulia habari za Balangdalalu alikuwa amesimama karibu yangu, na niliona mkono wake unakwenda mdomoni. Nilimtafuta mzee kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti kati ya wanawe, mfiwa, mikono mitupu magotini, ameniona na amesikia, na hakuinuka. Nikabana kiraka kwa kifundo cha mkono wangu, nikaacha besi zote, nikapiga kwa mkono wa kulia peke yake, sauti nyembamba kama ya mtoto, nikivuta na kusukuma vipande vifupi vifupi. Kwaya ikashusha sauti ili wasiifunike. Hivyo ndivyo alivyofukiwa, polepole, mpaka msalaba ukasimama na mtu mmoja akasema amina, na mimi nikaendelea mpaka mwisho wa ubeti kwa kuogopa kwamba amina hiyo imekosewa.

Hakuna aliyenisifu. Watu walinipita, wakinigusa bega lile bovu. Nilidhani imekwisha, kwamba nimelipa nilichotakiwa nami nitarudi kuwa mwalimu wa kujitolea anayengoja ajira. Juma hilohilo, tukiwa bado na mikeka uani, alikuja mwanamume mmoja kutoka Nangwa, ameshika kofia kifuani. Alimpa mzee pole, kisha akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu wa kodiani. Nikasema ndimi.

“Mama yangu,” alisema. “Bado yupo. Anakula kidogo. Nimeona nije mapema.”

Kila kitu ndani yangu kilitaka kumwambia arudi nyumbani, asilete maneno kama hayo, mama yake atapona. Mzee Bura alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake. Nikasogeza mkeka, nikamkaribisha yule mtu akae, nikamuuliza mama yake anapenda mwendo gani.